Pambo Nililolisikia Kuwa Pamba

Mwanangu, iko siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo. Ndiyo, nimesema "iko", usinicheke. Sisi wa Koboko kila kitu kwetu iko: mtu iko, maji iko, njaa iko, Mungu iko. Kiswahili cha kunyooka nilikuja kukipata baadaye, nilipoolewa na mwalimu hapa Manibe, naye alinisahihisha mpaka akachoka, maskini. Lakini siku ninayoisema nilikuwa bado msichana wa Lobule, na Kiswahili changu nilikiokota njiani, neno moja kwa askari, neno moja kwa wachuuzi, mengine ng'ambo ya mpaka kule Kongo tulikokimbilia wakati wa vita. Na kwa neno moja nililolisikia vibaya, nilimpata tena mama yangu.

Kaa, nikusimulie. Hayo mabua ya mtama uendelee kuyapasua huku unasikiliza, masikio hayahitaji mikono. Pasua kwa urefu, taratibu, usiyavunje. Yaliyokauka sana yarudishe kwenye maji yalainike. Najua jana ulirudi kutoka mjini Arua na mfuko wa mapambo ya dukani, yale yanayometameta mpaka kuku wanayakimbia, ukaziangalia nyota zangu za mabua ukasema, "Bibi, hizi watu watatucheka." Sikukasirika. Kidogo tu nilikasirika. Yale yako ni mazuri, hata mimi macho yananicheza nikiyaona. Lakini hilo neno "watatucheka" ndilo limeniamsha usingizini alfajiri, na ndilo limenirudisha Lobule.

Baba yangu alikuwa Mkakwa, mama yangu Mlugbara. Walikutana kwenye kambi ya jeshi, na lugha ya kambini ndiyo ikawa lugha ya nyumba yetu. Vita vilipokuja tukakimbia, na tulipoweza tukarudi, kama watu wote wa huku, kidogo kidogo, masufuria kichwani, tukakuta vichaka vimeota hata pale palipokuwa na kitanda. Baba magwanda yalikuwa yamemtoka, akaenda Arua kuchoma matofali, nyumbani akawa anakuja kwa nadra. Tukabaki wawili, mimi na mama.

Tulipaswa kuwa watatu. Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, bado ananyonya, ambaye homa ilimshika tukiwa njiani kukimbia, akafa kabla hatujafika penye mtu wa kutusaidia. Akazikwa kando ya njia, haraka haraka, maana nyuma watu walikuwa wanasukuma. Mimi nami nilikuwa na homa ile ile. Kitenge tulikuwa nacho kimoja tu, na kilikuwa mwilini mwangu. Mama alikitazama kile kitenge, akanitazama mimi, kisha akamlaza mtoto kwenye udongo mtupu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tangu siku ile mama hakulitaja jina la mtoto yule hata kwa bahati mbaya, na mimi nikaogopa kulitaja. Kule Kongo alikuwa akilima vibarua vya watu, anapika, anateka maji, unaweza kusema amepona. Ni wakati wa kurudi, tulipoipita tena njia ile na yeye asiweze kujua ni kichaka kipi kilichomfunika mtoto, ndipo kitu kilipokatika ndani yake. Tukafika Lobule akaingia ndani, akakaa chini, akaelekeza uso ukutani. Shamba likawa langu. Jiko likawa langu. Nilikuwa nikimwekea chakula, ananionyesha kwa mkono kwamba nile mimi. Majirani wakaanza kunong'ona kisimani kwamba huyu mama hatamaliza kiangazi hiki. Walidhani watoto hawasikii minong'ono. Nilisikia yote, mwanangu, na kila asubuhi kabla ya kufumbua macho nilikuwa nasikiliza kwanza kama anapumua.

Jirani mmoja tu hakunong'ona. Huyo ni Haboba Zamzam. Haboba kwa Kinubi ni bibi, na kila mtoto wa pale alikuwa mjukuu wake, apende asipende. Alikuwa mjane wa askari, Mwislamu wa swala tano, mfumaji wa makawa ya rangi ya kufunikia chakula, na ulimi wake ulikuwa kama wembe. Kila siku akipita mlangoni kwetu alisema kwa sauti ya soko: "Mama Kiden! Hiyo ukuta bado iko? Haijaanguka? Basi toka nje kidogo, itabaki yenyewe!" Kiden ndiye mimi. Haboba anaweka kibakuli cha mboga kizingitini, anaondoka zake anaguna. Kesho yake, ukuta bado iko? Nilimpenda mwanamke yule kuliko nilivyojua wakati ule.

Ikafika Disemba. Unaijua Disemba yetu wewe: nyasi zimechomwa, jua linapita kwenye vumbi na moshi mpaka kila kitu kinaonekana kiko mbali kidogo kuliko kilipo. Mtu anakuja kwa baiskeli, unamwona, unamngoja, unahisi hatafika. Sauti ya mtwangio inakuja imechelewa. Mimi nilikuwa natembea ndani ya Disemba ile kama mtu ambaye hajaamka vizuri, na sikutaka kuamka, maana niliogopa nitakachokikuta.

Kanisani tulikuwa tumepata katekista mpya, kijana aliyekulia Kenya. Kikakwa hakujua, Kilugbara hakujua, kwa hiyo alikuwa anafundisha kwa Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Tulipenda kukisikiliza hata pale tusipokielewa. Jumapili ile nilichelewa kwa sababu ya maji, nikasimama mlangoni nyuma ya migongo ya watu wazima, mtoto mchanga wa mtu analia karibu na sikio langu. Katekista akasema: "Krismasi hii, ndugu zangu, tumerudi nyumbani. Kila nyumba ilete..." Mtoto akapiga kelele. Nilichokipata ni mwanzo wa neno, mwisho wake ukaenda na kile kilio.

Alisema pambo. Wewe unalijua, umesoma. Mimi pambo sikuwahi kulisikia maishani mwangu! Kwetu kitu cha kurembesha nyumba ni maua, hata kama ni karatasi, hata kama ni kifuniko cha soda, tunaita maua. Pamba ndiyo nilikuwa naijua, baba yangu mdogo kule Ludara alikuwa anailima. Nikasema moyoni, haya basi, pamba.

Kuuliza si ujinga, ndivyo wanavyosema wazee. Lakini msichana aliyesimama mlangoni, mwenye ulimi wa Kongo unaochekwa na wenzake, amuulize nani? Nikalibeba neno langu mpaka nyumbani kama lilivyo.

Mama alikuwa pale pale, uso ukutani. Nikamwambia tu kwa sababu nilikuwa namwambia kila kitu, kama mtu anavyosema na kisima. "Mama, katekista anasema kila nyumba ilete pamba ya Krismasi."

Nikainama kuwasha moto.

"Pamba ya nini?"

Mwanangu, kijinga cha moto kilinianguka kutoka mkononi. Ilikuwa kitambo kirefu hajaniuliza kitu. Na mimi jibu sikuwa nalo, lakini swali lile sikuweza kuliacha likae bure, lingeweza kurudi lilikotoka. Nikasema kilichonijia mdomoni: "Ya mtoto Yesu, mama. Ya kulalia."

"Sasa analala wapi?"

"Chini. Kwa nyasi tu."

Akageuka. Uso wake ulikuwa na alama za ukuta, vumbi la udongo upande mmoja. Akaniangalia, kisha akaweka mkono chini, akajisukuma, akasimama. Mama yangu akasimama!

"Mtoto asilale chini," akasema. "Leta kikapu."

Tulikwenda Ludara asubuhi iliyofuata. Sikumbuki kama tulizungumza. Nakumbuka mgongo wake mbele yangu, na ile njia nyekundu, na kwamba kila tulipokutana na watu walisimama wakamtazama kama wameona mtu aliyetoka safari ndefu, na yeye akawasalimu. Baba yangu mdogo alikuwa ameshavuna na kuuza, shamba limebaki vijiti, lakini pembeni palikuwa na miche iliyochelewa, imepasuka peke yake bila mtu wa kuichuma. Akasema, "Chukueni tu, shemeji, hii ni ya ndege." Tukaingia. Vumbi lilikuwa jeupe kwa jua, na pamba ilikuwa nyeupe, na mama alikuwa anapotea humo na kutokea tena, mkono wake unachuma, unaweka, unachuma, unaweka. Nilisimama nikimtazama mpaka baba mdogo akaniuliza kama nimekuja kuchuma au kuota. Nilikuwa naota, ndiyo. Ningeweza kukaa katika shamba lile maisha yangu yote.

Tuliporudi, Haboba Zamzam alitukuta nje tumekaa kwenye jamvi. Akafungua mdomo wake kuulizia ukuta, akamwona mama, akaufunga. Hiyo pekee ilikuwa muujiza. Akavua viatu, akakaa, akachukua fungu la pamba akaanza kuchambua nasi. Hakuuliza ya nini mpaka baadaye kabisa, na nilipomwambia alisema tu, "Vizuri. Nabii Isa iko mtoto ya watu pia."

Umewahi kuchambua pamba kwa mkono? Hujawahi, nyinyi mnaikuta imefungwa kwenye karatasi ya bluu. Mbegu imeng'ang'ania nyuzi kama mtoto kwenye nguo ya mama yake. Ukivuta kwa nguvu unakata nyuzi. Unabana kwa kidole gumba, unazungusha, unaisubiri ikuachie. Kisha Haboba anaipiga ile iliyosafishwa kwa vijiti viwili vyembamba, inafura, inapaa, inaelea kwenye mwanga wa jioni, inatua kwenye nywele zetu, kwenye kope za mama. Siku zile zote tulizochambua, mama alikuwa anasema kidogo kidogo. Hii ina takataka. Sogea, unanizibia jua. Maneno ya kawaida tu, ya kila mtu, na mimi nilikuwa nayaokota moja moja.

Basi mchana wa kuamkia Krismasi tukaoga, tukaenda. Haboba akasema atatusindikiza mpaka mlangoni, maana kikapu kilikuwa kimejaa na mama bado hana nguvu. Pamba haina uzito, sote tulijua hilo, hakuna aliyesema.

Kanisani watu walikuwa wamejaa na kila mtu ana kazi. Tawi kubwa la mti limechomekwa kwenye debe la mchanga. Akina mama wamekaa sakafuni wanasuka nyota za mabua ya mtama, zile zile unazozisuka wewe sasa hivi, bua hili juu, bua hili chini, katikati wanafunga kwa uzi wa katani. Wengine wametoboa vifuniko vya soda wakavitunga. Wengine wamekata ndege kwenye magome makavu ya migomba, wakawachora mabawa kwa mkaa na udongo mwekundu, wakabandika kwa uji mzito wa muhogo. Nikaangalia huku na huku. Hapakuwa na pamba kwa mtu yeyote.

Mama Yunia, aliyekuwa mkubwa wa akina mama pale kanisani, akatuona. Si mtu mbaya, Mama Yunia, ila mdomo wake ulikuwa unatangulia. "Ee, Mama Kiden! Karibu! Na hiyo iko nini? Pamba?" Akaangalia kikapu, akaangalia wenzake. "Jamani, walisema pambo, si pamba! Sasa tunashona godoro hapa?"

Wakacheka wote. Hata katekista alicheka, kaziba mdomo kwa mkono. Kilikuwa kicheko cha sikukuu tu, cha watu waliofurahi kurudi kwao. Lakini nilimwona mama. Uso wake ulikuwa unaondoka, mwanangu. Ulikuwa unarudi kule ukutani, ule ukuta wa udongo uko nyumbani na yeye bado amesimama pale mlangoni. Nikajua kwamba akitoka nje ya mlango ule hivi, hatatoka tena kwenye nyumba yetu mpaka abebwe. Na aliyemleta kuchekwa ni mimi. Nikakivamia kikapu. Nilitaka kukimbia nikaimwage ile pamba yote majanini, nikafie huko.

Mkono ukanikamata. Haboba Zamzam alikuwa ameingia kizingitini, vidole vyake vikavu vimenishika penye kiwiko mpaka nikaumia.

"Wacha!" akasema. Kanisa zima likasikia. "We mtoto, wacha hiyo kikapu. Sikio yako ilipotea njia, sawa, sikio ya mutu inapotea. Lakini mikono ya mama yako haikupotea. Imefika. Sasa imefika, wewe unataka kuirudisha wapi?"

Nikamwachia mama kikapu chake. Kisha Haboba akawageukia wale akina mama na sauti yake ikashuka, na ilikuwa mbaya zaidi iliposhuka. "Na nyinyi mnacheka pamba. Huyu mutu alikuwa amekaa kama amekufa, nyinyi mnajua. Ametembea mpaka Ludara. Mimi si wa kanisa, lakini hapo kwenu, mgeni akileta kitu, mnaangalia kitu ama mnaangalia mgeni?"

Mama Yunia akainamisha kichwa. Katekista akaja mpaka mlangoni, akamwamkia Haboba, kisha akamwambia mama, "Samahani sana, mama. Nilisema haraka." Akamwonyesha hori walilolitengeneza: sanduku la mti lililokuwa la sabuni, na nyasi kavu ndani yake. "Hapa pana nyasi tu," akasema. "Zinachoma."

Mama akampita. Akapiga magoti, akazitoa zile nyasi, fungu kwa fungu, akaweka pamba yetu mahali pake, akaibonyeza katikati kwa kiganja kama mtu anavyojaribu kitanda cha mtoto. Nilidhani amemaliza. Hakuwa amemaliza. Akavuta kikapu karibu, akachukua kipande cha bua kutoka kwa mama aliyekaa jirani, akalimenya mpaka akabaki na ule moyo mweupe laini wa ndani. Akauzungushia pamba. Akaizungushia tena, mwilini, kichwani, akakaza kwa uzi wa katani shingoni. Kwenye kikapu zilikuwa zimebaki mbegu chache tulizosahau, akatoa mbili akazibandika kwa uji wa muhogo, zikawa macho. Kisha akachana ukanda kwenye pindo la kitambaa chake cha kichwa, akamvika huyo mtoto wa pamba.

Watu walikuwa wameacha kazi zao. Mwanga ulikuwa unaingia kwa mlango ule wa magharibi, umejaa nyuzi za pamba zinazoelea. Mama Yunia, kwa sauti ndogo ya mtu anayetaka kusamehewa, akauliza, "Mama Kiden, hiyo iko mtoto Yesu?"

"Hapana," mama akasema. "Yesu iko na mama yake. Huyu iko Lemi. Huyu iko wangu."

Lemi. Nililisikia jina la mdogo wangu likitoka kwa mama, na nikagundua kwamba nilikuwa nimeanza kulisahau lilivyo mdomoni. Nikalia kwa sauti, sikuona haya, nikasema Lemi, Lemi, kama kichaa. Mama akasimama, akamtundika kwenye lile tawi, chini kidogo, pale mtoto anapoweza kufikiwa. Alining'inia akageuka kwa upepo wa mlangoni, taratibu, akatutazama wote kwa zamu.

Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Mama Yunia ndiye aliyefuata. Akaja akakaa karibu na kikapu, akachukua pamba, akafunga mtu wake, akasema, "Huyu iko mama yangu, tulimwacha Kongo." Akaja mwingine, na mwingine. Nani kati yetu alirudi na watu wake wote? Hakuna nyumba pale isiyokuwa na mtu aliyelala kwenye udongo wa njiani. Walifunga, walitaja, walitundika. Nyota zilikuwepo, na ndege wa migomba, na vifuniko vikigongana vikilia, lakini katikati ya hivyo tawi lile lilijaa watu wadogo weupe. Nilikaa sakafuni nikiwatazama wanavyozunguka, na mpaka leo siwezi kukuambia kama nilikuwa macho au la.

Pamba ilipokaribia kwisha, Haboba Zamzam alikuwa bado amesimama kizingitini. Alikuwa na kitu kwenye kiganja chake, sikumwona akikifunga. "Mwalimu," akamwambia katekista, na ule ulimi wote wa wembe ukawa hauko, "mimi si wa kanisa. Lakini kijana yangu alienda na vita, hana kaburi mahali. Kwa mti yenu, nafasi iko?"

Yule kijana wa Kiswahili cha pasi alikuwa analia waziwazi. "Iko, Haboba," akasema. "Nafasi iko."

Tulirudi nyumbani jua likizama kwenye moshi, kubwa, jekundu, halichomi macho. Haboba ametangulia kwenda kuswali. Mama alikuwa ananifuata nyuma, na baada ya mwendo akaniita.

"Kiden. Leo umekula nini?"

Nikasimama. Umekula nini! Hilo ndilo swali la mama, mwanangu, halina lingine. Nikamwambia sijala. Akaniambia, "Twende nikupikie," akanipita, akashika njia mbele.

Aliishi sana mama yangu. Aliwalea wadogo zangu waliokuja baadaye, na kila Disemba alifunga mtu wake wa pamba na kumwita kwa jina, na siku nyingine alicheka akisimulia jinsi Lemi alivyokuwa anamng'ata. Haboba alikufa mzee, akazikwa na watu wa misikiti na wa makanisa. Siku hizi Lobule wako ndugu zetu kutoka Kongo waliokimbia vita vya kwao, nasi tunaijua njia waliyopita. Nikienda huko huwa nabeba mabua na pamba, nakaa nao tu, nafunga, sisemi mengi. Anayetaka kufunga anafunga.

Basi lishike hili ninalokuambia. Kazi ya mkono wako usiionee haya kwa sababu haing'ai. Hayo ya dukani yatundike pia, sikukatazi, chema chajiuza na watu wameyanunua; lakini acha mahali kwenye tawi kwa ajili ya kile ulichokifunga mwenyewe, kwa maana cha dukani hakimjui unayemkosa. Mtu akija amekosea neno, usimcheke kabla hujaona alichokibeba na alikotoka nacho. Asikuambie mtu kwamba aliyekufa akitajwa anarudisha huzuni. Huzuni haikuwa imekwenda mahali. Mficha maradhi, kifo humfichua. Ukiona mwenzako ameelekeza uso ukutani, mpe mikono yake kazi ndogo, nawe ukae naye, usimharakishe. Na wewe mwenyewe ukifikwa, maana hakuna asiyefikwa, tafuta bua, tafuta uzi, funga, utaje jina kwa sauti watu wasikie.

Sasa lete hiyo nyota nione. Hapa umekaza sana, hapa umelegeza, lakini itakaa, itakaa vizuri. Mungu akubarikie mikono hiyo, isikose kazi wala isikose wa kumfanyia. Akupe jirani mwenye ulimi mkali na moyo laini. Akupe watoto, na walale pakavu na laini, wameshiba. Wakuite kila siku mpaka uchoke kuitika. Na siku yako ikifika, mwanangu, iwe mbali, uzeeni, ukiwa nyumbani kwako. Uwe wewe unayezikwa na wao, wala Mungu asikuonyeshe siku ya kumzika hata mmoja. Amina.